Marudio ya Mandawa

Jumatatu, 9 Septemba 2024. Nachingwea

Anakuja! Makrina anakuja! Ujumbe umeingia asubuhi nikiwa ofisini nachora ramani ya viwanja vipya. Mkono ukaruka, barabara ikapita katikati ya zahanati. Nikafuta. Mkono ukaruka tena.

Anasema meli yao imetia nanga Mtwara, wamepewa mapumziko mafupi, atakuwa kwa mama yake Mandawa mpaka Jumapili. Niende kumwona Jumamosi kama nina nafasi. Kama nina nafasi! Miaka mitatu sina kingine.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma hapa uzeeni nitataka kuelewa. Mimi Dastani ni mpima ardhi wa wilaya. Kwetu ni Biharamulo, serikali ikanileta huku kusini nikiwa bado na kiuno. Makrina ni binti wa Mandawa, upande wa Ruangwa, na kazi yake haijawahi kufanywa na mtu wa Mandawa. Anaongoza njia ya meli inayopima gesi chini ya bahari. Meli inavuta kamba ndefu zenye vinasa sauti. Inapiga mshindo majini, mshindo unashuka hadi kwenye miamba, unarudi, kamba zinasikiliza. Ni kama unavyogonga mtungi kujua maji yamebaki kiasi gani. Baada ya miaka kadhaa meli inarudi kupiga tena, na hapo ndipo penye kazi ya Makrina, maana lazima ipite palepale. Mshindo palepale, kamba palepale, kina kilekile. Halafu wanalinganisha picha mbili. Mara ya pili ukipita pembeni, picha zitatofautiana kwa uzembe wako tu, wala si kwa sababu ya gesi.

Alinieleza haya Septemba ya 2021, chini ya mkorosho wa mama yake. Siku bora ya maisha yangu! Nilifika na vumbi, kiti kikavunjika nikadondoka, akauma bibo maji yakanirukia kifuani, akacheka, akanifuta shati kwa kanga yake. Halafu akaniangalia. Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia vile, hata mama yangu mzazi.

Kesho yake nilimsindikiza Nanganga kupanda basi la Mtwara. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, akageuka, akangoja niseme neno. Nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, mdomoni! Nikamwambia asalimie samaki. Basi likaondoka.

Sasa nimepata wazo. Wazo kubwa! Nitairudia siku ile yote. Kila kitu palepale, kama meli. Mtaalamu kama yeye ataona mara moja kwamba hapa kuna mwanaume anayeielewa kazi yake. Atanipenda kitaalamu.

Jumanne, 10 Septemba

Shati. Ninalo. Limekaa sandukuni miaka mitatu bila kufuliwa, na doa la bibo kifuani, la kahawia. Jumapili huwa nalitoa nikalitazama. (Mtu mwingine asisome hapa.)

Tatizo ni kwamba siku ile lilifika Mandawa likiwa safi. Kwa hiyo doa litoke kwanza, ndipo liingie upya. Kila mtu wa huku anajua doa la bibo halitoki. Mimi mtu wa Biharamulo nikatia jiki. Doa halikutoka. Kimetoka kifua chote. Ngumi inapita.

Nilikaa kitandani nimelishika. Nusura nilie. Nimelia kidogo.

Nikaenda sokoni kwa fundi Nurdini, nikamwomba anishonee jingine lilelile. Akanipima tumbo, akarudia kupima, akaniuliza kama anishonee mimi wa sasa au yule wa zamani. Nikasema wa zamani. Akasema yeye anashona nguo, hafukui makaburi. Tukabishana. Mwisho amekubali, ila ameniapisha nisipumue nikiwa nalo.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya kujidhalilisha. Nilihitaji Jofrey.

Jofrey ni afisa kilimo, mtu wa Tukuyu, ana pikipiki ya serikali na meno yote. Hatuelewani. Mwaka juzi alichukua kiti changu cha ofisini, kile cha kuzunguka, akasema alikikuta mpweke. Lakini siku ile ndiye aliyenipeleka Mandawa. Tukapata pancha, tukasukuma, ndiyo maana tulifika na vumbi mpaka kwenye kope. Bila Jofrey hakuna pancha, bila pancha hakuna vumbi, bila vumbi Makrina hacheki. Nimefikiria namna ya kumkwepa. Haipo!

Nikaenda. Nikamwambia nimemkumbuka kama ndugu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema atanipeleka, kwa sharti kwamba nimpimie shamba lake la Chiola kesho, kabla ya watu wote walio kwenye foleni. Nikakubali huku nauma meno. Ndipo nikamwambia kuhusu pancha. Kwamba lazima tuipate, na tuipate palepale pa siku ile, baada ya kidaraja cha njiani.

Akauliza kama siku hizi nakunywa uraka, pombe ya mabibo, asubuhi.

Alhamisi, 12 Septemba. Chiola

Nimeshinda juani napima shamba la Jofrey. Yeye kakaa kivulini, anakula mabibo, ananisifu. Anasema nina nyayo nzuri za kazi. Mshenzi.

Nilikuwa nakaribia kona ya mwisho simu ikaita. Makrina! Mtandao wa shamba lile unapatikana juu ya kichuguu tu. Nikapanda kichuguu.

Sauti yake. Jamani, sauti yake! Miaka mitatu nimesikiliza ujumbe wake mmoja wa sauti, ule wa kunitakia Krismasi njema, mpaka najua ni wapi anameza mate. Leo ameongea mapya. Nilisahau kushika vifaa, vikabingirika chini.

Anasema kampuni imempa njia mbili. Ya kwanza ni kazi ya ofisini Mtwara, kukagua picha zinazoletwa na meli, alale kwake, ale kwake. Ya pili ni kusaini tena na meli, ambayo ikimaliza hapa inakwenda Brazili, na huko ni miaka. Jibu linatakiwa Jumatatu. Mama yake amemwachia aamue mwenyewe. Akasema anataka kujua na mimi nasemaje.

Moyo ukanipanda hadi masikioni. Nilitaka kupiga kelele Chiola nzima wasikie: Mtwara! Baki Mtwara! Lakini nikajizuia. Swali hili halikuwepo mwaka ule. Mwaka ule hakunipigia simu kabisa! Yeye mwenyewe alinifundisha kwamba baharini unasikia mengi, wimbi, meli nyingine inapita mbali, na hayo yote ni kelele. Hayatoki chini unakopima. Unayachuja. Nikachuja.

Nikamjibu kwamba hizo ni habari nzuri. Akauliza zipi. Hapo siafu wa kile kichuguu walikuwa wamefika kwenye mapaja, nikakata simu, nikaruka.

Jofrey alinipokea kwa makofi. Aliuliza "zipi?" kwa sauti ndogo sana yule Makrina. Mpaka sasa naisikia.

Ijumaa, 13 Septemba. Mandawa

Nimeaga ofisini kwamba naenda kukagua bikoni, zile alama za mipaka. Si uongo kamili. Nimekwenda kuziweka. Wilaya si yangu, lakini mapenzi hayana mipaka ya kiutawala.

Nilihakikisha Makrina hayupo. Alikuwa ameteremka Ruangwa mjini na dada yake Eva. Nikaingia uwanjani kwao na vigingi vyangu vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Kigingi kimoja pale nilipokaa mimi. Kimoja alipokaa yeye. Kimoja ilipoegemezwa pikipiki. Nilikuwa napima umbali wa goti langu na goti lake, nikapiga nyundo taratibu, nimejaa furaha. Kile kiti cha plastiki nilikikuta nyuma ya banda la kuku, mguu wake umefungwa waya. Nikaufungua waya, nikakiweka mahali pake kwa heshima.

Kumbe! Nilisahau niko wapi. Huku mtu akiona kigingi chekundu anajua kitu kimoja tu, kwamba ardhi inachukuliwa. Tangu yaanze mambo ya madini, kigingi chekundu kinaogopwa kuliko nyoka. Jirani yao, Bi Mwanaheri, alichungulia uani akapiga yowe. Nikageuka, uwanja umejaa akina mama wenye majembe! Mmoja, kikongwe, alikuwa ananisema kwa Kimwera bila kupumua. Sikuelewa neno hata moja, na nilielewa yote.

Mama Makrina akatoka. Nikamwamkia shikamoo huku nimeinua mikono juu. Hakuitikia. Akatuma aitwe katekista Jonasi aje kusuluhisha, maana ndiye anayejua kuongea na serikali. Katekista akaja, mtu mzima, mnene, kanzu nyeupe. Akakaribishwa kiti.

Kile kiti.

Yesu na Maria! Alikwenda chini kama gunia la korosho. Kuku walitawanyika hadi barabarani.

Nimeng'oa vigingi vyote mbele ya watu, nimeomba radhi kwa kila mtu mmoja mmoja, na kwa katekista mara nyingi zaidi. Walipotawanyika, Mama Makrina akaniita pembeni. Akaniuliza kwa upole ninataka nini hasa hapo kwake. Nikamwambia, mama, nataka tu kile kiti. Akanitazama kwa huruma. Akasema kwao mtu mwenye neno na binti wa nyumba hutuma mshenga, na asiye na mshenga basi anafungua mdomo mwenyewe, lakini vigingi hajawahi kuona.

Mama mzuri. Ila sayansi hajasoma.

Jumamosi, 14 Septemba. Mandawa

Siku yenyewe! Nimeamka nimevaa shati la Nurdini. Sipumui.

Pancha iligoma. Jofrey ana tairi jipya, gumu. Baada ya kidaraja tukasimama, nikatoa msumari, haukuingia. Nikagonga kwa jiwe. Jofrey alikaa pembeni akiomba Mungu amjalie kuishi muda mrefu awasimulie wajukuu. Hatimaye tairi likapasuka lote, pu! Mwaka ule tulisukuma kidogo. Leo tumesukuma mpaka ulimi nje, tukafika jua limeshapinduka. Vumbi, sawa. Vumbi lilikuwa kamili.

Halafu akatokea mlangoni.

Amekata nywele. Fupi kabisa, kama za mwanafunzi. Uso umekuwa mweusi wa jua la bahari, na pembeni ya macho kuna mikunjo midogo ambayo sikuiacha pale. Nilisahau jina langu. Nilisahau kuvuta pumzi hata ile ndogo iliyobaki. Ni mzuri kuliko yule niliyekuwa namkumbuka, na yule nilimkumbuka kwa bidii. Hili la nywele sikulipanga. Nikalichuja kwa shida.

Kivuli cha mkorosho kilikuwa kimehama kwa sababu ya kuchelewa. Mimi nikakaa kwenye tundu la kigingi changu, juani. Jofrey akakaa kivulini na Makrina. Kiti kimefichwa, tumepewa vigoda. Ming'oko ikaletwa, ile mizizi ya porini ya huku, tukala. Ilipofika wakati wake nikadondoka kutoka kwenye kigoda. Hakikuvunjika, kwa hiyo ilibidi nijisukume. Jofrey akafunika uso kwa mikono. Makrina akaniuliza kama naumwa.

Mabibo yakaja kwenye sinia, yameoshwa. Akala vizuri, kwa adabu, hata tone halikuruka. Nikamwomba aume kwa nguvu akinielekea. Akauliza kwa nini. Nikachukua moja nikajikamulia mwenyewe. Tone la kwanza jichoni. La pili kifuani, palepale! Palepale kabisa!

Akachukua ncha ya kanga akanifuta. Mkono uleule. Nikafumba macho, moja kwa mapenzi na jingine kwa bibo. Ningeambiwa nife ningekufa saa hiyo.

Lakini hakucheka. Alikuwa ananiangalia, akauliza taratibu kama nimekumbuka lile swali la kwenye simu. Mtwara au Brazili. Jofrey akainuka ghafla, akasema anakwenda kutazama mikorosho kama ina ugonjwa. Tukabaki wawili, na hilo nalo halikuwa kwenye mpango. Nilichanganyikiwa. Nikamuuliza kamba za meli siku hizi zikoje, maana mwaka ule tuliongea habari za kamba.

Akavuta pumzi. Akanieleza. Akasema watu wanadhani wanarudi palepale kwa kupenda palepale. Siyo. Wanashika kila kitu kisibadilike juu ili wakione kilichobadilika chini. Anakesha wiki nzima kuinyoosha njia ya meli kwa sababu moja tu, aone kitu kimesogea. Hata kidogo. Hata kidogo, akarudia, akiangalia shati langu.

Nikamwambia ni kweli, unyoofu ni jambo la msingi sana.

Akakunja kanga yake.

Jumapili, 15 Septemba. Nanganga

Nimefika njia panda kabla yao. Nimesimama kwenye alama yangu, pale niliposimama mwaka ule, karibu na muuza machungwa. Jofrey alikuja kwa pikipiki ya kuazima, bila kuitwa. Nikamsamehe, maana mwaka ule pia alikuwepo.

Makrina alikuja na dada yake Eva na begi lilelile la bluu. Eva alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke. Upepo ulikuwa unatoka upande uleule. Nikashukuru.

Basi la kutoka Masasi likasimama. Konda akapakia begi, akapiga ubavu wa basi. Makrina akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

Akageuka. Akangoja.

Nilikuwa nalo. Naapa nilikuwa nalo! Baki. Neno fupi kuliko yote ninayoyajua. Limekaa kifuani miaka mitatu, leo likapanda lenyewe hadi kwenye ulimi, nikalionja. Aliliona. Naamini aliliona, maana alishika chuma cha mlango akainama kidogo kunielekea, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Jofrey akanipiga kidole mgongoni. Eva akaacha kumenya chungwa. Konda mwenyewe akaacha kupiga kelele!

Ndipo nikafikiria kazi yote hii. Shati, siafu, katekista, tairi. Vyote vimekaa mahali pake. Sasa niharibu mwishoni? Niiache njia nikiwa nimebakiza hatua ya mwisho?

Nikamwambia, safari njema Makrina, ukifika salimia samaki.

Akaniangalia kifuani, penye doa. Akasema atawasalimia. Akapanda.

Basi lilipopotea niliendelea kusimama kwenye alama. Kifua kinauma, na si shati. Jofrey hakunitania njia nzima. Nadhani ana wivu.

Jumatatu, 16 Septemba. Nachingwea

Ujumbe umeingia mchana. Makrina amesaini. Brazili. Meli inaondoka wiki hii.

Nilikuwa nimekaa, nikakaa chini zaidi. Miaka! Nimeangalia simu mpaka kioo kikazimika, nikaona uso wangu humo, nikaiwasha tena ili nisiuone.

Halafu nikasoma sehemu ya pili. Anasema usiku kucha amelinganisha siku ile na juzi, kitu kimoja kimoja, kama anavyofanya kazini. Hajawahi kuona marudio mazuri kama yangu. Anasema ametafuta sana, alitamani aone hata kitu kidogo kimesogea, lakini picha mbili zimelaliana. Tofauti ni sifuri. Akaniambia nibaki salama.

Sifuri! Mtaalamu wa bahari ameniambia sifuri! Wenzake wana mitambo na meli nzima hawapati sifuri. Mimi nimeipata kwa vigingi!

Nilikimbia kumwonyesha Jofrey. Akasoma. Akasoma tena. Akanirudishia simu, akaniambia pole. Baadaye nikasikia magurudumu kwenye korido. Kanirudishia kiti changu, kile cha kuzunguka. Hajawahi kurudisha kitu huyu tangu nimjue. Heshima imeingia.

Nimeanza matayarisho. Siku atakayorudi, iwe lini, nitakuwa tayari. Shati silifui. Nurdini nimemwambia atunze vipimo vyangu vya zamani. Mama Makrina nimempigia simu kumwomba asiukate ule mkorosho. Aliniuliza kama safari hii nina neno. Nikamwambia lipo, mama, lipo siku zote. Akasema haya baba, akakata.

Jioni nimetoka nje kutazama upande wa Mtwara. Hauonekani kutoka hapa, kuna jengo la halmashauri na vumbi. Nimetazama hivyohivyo. Namkumbuka mno. Nimeirudia jana yote kichwani kutafuta nilipoteleza, na nimepata sehemu moja tu. Ile ya samaki niliisema chini kidogo kuliko mwaka ule. Mara ya tatu nitaisema kwa sauti.